Sira

Jumamosi ile waliandika langoni kwa chokaa:
LEO MLANGO WAZI. INGIENI MUONE.
Muyeye nzima ikaingia,
waliokuja kuona na waliokuja kuonja,
na mama yangu,
ambaye tangu tumzike baba
huzunguka kwa kinu cha unga asipite hapa.

"Nimefuata mkate," akasema,
ingawa hakuna aliyemuuliza.

Kushoto tanuri, kulia mangwe.
Katikati ukuta wa matumbawe wenye tundu
la kutosha ndoo, na ndoo ndiyo ipitayo.

Tsofa mwokaji, mweupe hadi viwiko,
alitufunulia beseni chini ya gunia:
donge limevimba, linapumua
kama mtoto mwenye mafua.
"Hamira ya dukani hata bei siijui," akajigamba.
"Mimi na sira. Tembo hulala ng'ambo,
asubuhi huamkia huku."
Mwanamke wa buibui akarudisha kipande sahanini
polepole, asimvunjie mtu heshima.
Tsofa akamchomolea andazi la hamira ya pakiti.
Kumbe bei anaijua.

Ng'ambo, Kadzo amepanga mabuyu kwa umri:
la alfajiri, tamu, hata watoto walilamba;
la adhuhuri, limeanza kununa;
la jana, usilolipa siri.
Kahindi mgema, kotama kiunoni,
alipanda mnazi wageni wapige picha,
akashuka, akaambiwa apande tena,
simu ya mtu haikuwa tayari.
Tukamsifu, tukamsifu,
hadi Kadzo akainuka
akausogeza mtungi wa maji mbali naye.

Mezani waliweka vya zamani:
mirija, kaha zilizong'aa kwa midomo ya watu,
na madaftari ya madeni ya marehemu babake Kadzo,
pembe zimeliwa na mende.
Nikafungua moja, hivi hivi tu.

*Ngumbao: kaha mbili, mkate mmoja.*
*Ngumbao: kaha mbili, mkate mmoja.*
*Ngumbao: kaha tano, mkate mmoja.*
Siku aliyozaliwa mdogo wangu,
*kaha saba, mikate miwili.*

Baba.
Ule uchachu wa jioni, alipoinama kutupa mkate,
tukadhani ni yeye anayenuka.
Nusu yake ulikuwa mkate.

Kisha nikaona: kila palipoandikwa mkate
pamekatwa kwa wino mwekundu,
mstari umenyooka kama wa rula.
Kaha hazikuguswa. Zimesimama
ukurasa baada ya ukurasa
kama watoto waliochelewa gwaride.

Mama alifundisha darasa la pili miaka ishirini na sita.
Huo wino naujua. Umepita kwenye hesabu zangu.

"Ulikuwa ukiingia hapa?"
"Mlango wa nyuma, wa magunia. Mwisho wa mwezi."
Hakunitazama.
"Mkate mlikula ninyi, nikaulipa.
Kaha alikunywa yeye."

Kadzo alikuwa amesikia. Akaja anajifuta mikono,
"Mwalimu, hayo ni ya kale. Nipe niyafute."
"Usifute."
Akaketi kwenye benchi la walevi,
akafungua mkoba, akavaa miwani,
akaanza kuhesabu kaha za mumewe
moja moja, midomo inacheza,
akilowesha kidole kila ukurasa.
Watu walikuja, wakaonja, wakaenda.
Kahindi alipanda mara ya nne.
Tanuri la mchana likatolewa, likajazwa upya.
Mahali fulani katikati alicheka peke yake,
sikuthubutu kuuliza ni tarehe gani.

Alipofika mwisho, hakusema jumla.
Akatoa kalamu, ileile rangi,
na chini ya mstari wa mwisho wa baba
akaandika kama alivyotuandikia sote,
herufi za duara, bila haraka:
*Imeonekana.*
Akatia sahihi na tarehe ya leo.

Kisha akavuka kwa Tsofa kudai mkate.
Akauminya wa kwanza kwa dole gumba,
akaurudisha,
akataka ule wa nyuma, uliovimba vizuri.